Nusu ya Mstari

Fungeni dirisha la upande wa barabara, wanangu, malori yale yananimezea maneno na leo sina maneno ya kumwaga. Hivyo, ahsante. Sasa nisikilizeni, wewe mwanangu wa kiume uliyekaa ukingoni mwa kitanda changu, na wewe binti yangu, mzaliwa wangu wa kwanza, uliyesimama kizingitini kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Sikulazimishi kukaa. Simama, lakini usiondoke mpaka nimalize. Mdogo wangu huyu, mama yenu mdogo, aliyeshika kikombe cha maji, ndiye shahidi wangu, na nimemwambia asinikatize hata nikikohoa, maana kifua hiki kimekwisha kuniambia kinanipeleka wapi, na mimi sina desturi ya kubishana na mwenye haraka.

Niseme la mali kwanza kwa kuwa ndilo jepesi. Duka letu la dobi ni lenu nyote wawili, na halikatwi vipande. Meza ndefu ya kupigia pasi, pasi za umeme na ile kuukuu ya mkaa ambayo marehemu baba yenu alikataa kuitupa, mapipa, kamba za uani, na wateja wetu wa nyumba ya wageni na wa hospitali, vyote hivyo ni vyenu kwa pamoja. Asiyetaka kufanya kazi na mwenzake akae pembeni, lakini asimwuzie mtu wa nje sehemu yake. Chumba hiki ninachofia ni chako, binti yangu, na ufunguo anao mama yako mdogo, kwa sababu nimechoka kusikia kwamba unapanga chumba kisicho na dirisha upande wa pili wa mji na huku kuna kitanda chako. Kaka yako asiseme hakusikia. Deni la fedha sina kwa mtu yeyote, na atakayekuja kudai baada yangu mwulizeni kwa nini hakuja nikiwa na ulimi wa kumjibu.

Sasa lililobaki ni zito. Mzee wa bendi amekaa pale ukumbini, katikati ya mafurushi ya nguo chafu, kofia magotini, anakohoa kwa adabu ili nikumbuke kwamba yupo. Amekuja kuomba ruhusa. Wanataka siku ya kunizika waimbe ule wimbo wa mlango, wimbo wa nyumba hii, ambao sauti yake niliitunga mimi na baba yenu, na maneno yake mkayatunga nyinyi wawili. Nawe, binti yangu, ulimwambia mama yako mdogo kwamba ukiimbwa wimbo ule na neno lile ndani yake, hutakanyaga makaburini. Nakujua. Huapi ovyo, na ukiapa huna kurudi nyuma. Kwa hiyo jambo lenyewe ni hili, mlielewe wote: neno lile lisipotoka kabla sijafumba macho, nitazikwa na mtoto mmoja. Na mimi sikuzaa mmoja.

Usiinue mkono, mwanangu. Najua unachotaka kusema, umekisema tangu mwanzo mpaka kimechakaa. Kaa kimya, zamu yako itafika.

Mdogo wangu, wewe hukuwahi kuishi nasi dukani, kwa hiyo nitakueleza jinsi tulivyofanya, ili shahidi ajue anashuhudia nini. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja, likikunjwa na mmoja linaburura sakafuni na linarudi kwenye beseni. Basi watoto hawa walikuwa wanalishika pembe kwa pembe, dada upande wa dirishani na kaka upande wa mlangoni, wanalikung'uta, wanaendeana mpaka mikono inakutana. Baba yao, ambaye mkono wake ulikuwa kwenye pasi na kichwa chake kwenye gitaa, aliwawekea sheria. Wa dirishani anatoa nusu ya kwanza ya mstari na kina chake cha kati, wa mlangoni anamalizia nusu ya pili na kina chake cha mwisho, na lazima aseme kabla mikono haijagusana. Akichelewa, shuka lile analipiga pasi yeye. Hivyo ndivyo nyimbo zetu zilivyozaliwa, shuka baada ya shuka, na wanamuziki walikuwa wanakuja na shati moja la kufua ili wapate kisingizio cha kusimama mlangoni wasikilize.

Na mlikuwa hodari, Mungu ni shahidi. Niliwafundisha mimi kukamata mkia wa neno na kuupitishia herufi moja moja mbele yake, basa, dasa, hasa, kasa, pasa, lisilo na maana mnalitupa, lenye maana mnalianika. Wewe binti ulikuwa unachelewa, unatafuna midomo, lakini ukitoa neno hakuna aliyeweza kulihamisha. Wewe wa kiume ulikuwa mwepesi mno, kina kinakutoka kama chafya, na watu walikucheka kwa mapenzi wakakuita Bwana Vina, nawe ukaanza kutembea kama mwenye jina hilo.

Sasa siku ile. Nitaisema, binti yangu, vumilia, sitaizunguka. Mumeo alikuwa amekuacha wiki ile kwa sababu hamkupata mtoto, nawe ukaja kazini kama kawaida, hukusema neno, ukashika pembe zako za shuka upande wako wa dirishani. Tulikuwa na ubeti wa mwanamke anayemngoja mtu wake. Mlikuwa mmefika mstari wa tatu. Nauweka wazi ubeti wote hapa, nisije nikadaiwa kwamba nimeficha:

Mlango sijaufunga, nakungoja hadi sasa,
Chai yako naichunga, isipoe ukakosa,
Jirani wananisonga, wataka kujua kisa...

Hapo dada mtu akatoa nusu ya kwanza ya mstari wa nne, "Nyumba imekosa mwanga." Aliitoa polepole, na mimi niliyekuwa nanyunyiza maji kwenye mashati nikainua kichwa, kwa kuwa nilijua hilo halikutoka kwenye wimbo. Na huyu anakuja na shuka lake kutoka mlangoni, anacheka, anawahi mikono isigusane, akamalizia, "kwani mwenyewe ni tasa."

Shuka lilianguka. Nakumbuka lilivyoanguka, upande wa dirishani ukiwa chini na upande wa mlangoni bado ukiwa juu mkononi mwake, na uso wa binti yangu ambao sitausema. Alichukua viatu vyake akatoka. Haijatokea tena wawili hawa kushika shuka moja.

Mwanangu, kwa siku ile peke yake nisingekuita hapa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini kila mtu hujikwaa. Ulikuwa na haraka, sheria ya baba yako ilikuwa inakusukuma mgongoni, na neno likachomoka. Sheria hiyo naifuta leo, andikeni moyoni, hakuna tena kusema kabla mikono haijakutana, watu wakae na shuka lao mpaka jioni wakitaka. Kosa lako ni la kesho yake. Mzee wa bendi alipopita kuchukua ubeti ulimpa ukiwa vilevile, kwa sababu kina kilikuwa kamili na mizani imetimia, na masikio yako yalikuwa yamekwisha kusikia makofi. Bendi ikauimba. Ukumbi wa dansi ukapenda. Kikifika kipande kile, muziki unakatwa makusudi ili watu wote wapige kelele neno lile kwa pamoja, na wewe unasimama jukwaani umenyoosha mikono kama aliyeleta mvua.

Unajua dada yako alipita wapi na kelele ile? Alipita sokoni nayo. Watoto wa shule walimfuata nayo nyuma wakiruka kamba, hawajui wanasema nini, wanapenda tu jinsi linavyolia. Mwuza mkaa alimwimbia akimpimia mkaa. Watu walijua ni wimbo wa nyumba yetu na wakajumlisha wenyewe. Aliacha kupita barabarani, akaacha kuja dukani, akahamia kule asikojulikana, anapiga pasi nguo za watu peke yake kwenye meza ya kulia chakula. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu, ungeimbwa wewe usingecheza.

Na ulinijibu nini nilipokuambia ulitoe? Ulisema neno ni la kweli na kina ni halali. Haya, tuanze na ukweli. Yule bwana aliyemwacha dada yako ameoa tena, akaacha, akaoa tena, na nyumba yake mpaka leo iko kimya kama msikiti baada ya swala. Hakuna daktari aliyempima yeye, wala yeye hakutaka. Kwa hiyo hata ukweli wenyewe ulioutangaza kwa vipaza sauti hukuwa nao. Na ungekuwa nao, ungekuwa wa dada yako, wa kusema ama wa kunyamazia. Neno kuwa kweli si ruhusa ya kulisema, sembuse kuliimba.

Nipe maji, mdogo wangu. Kidogo tu.

Na sasa kina. Hapo naumia zaidi, kwa sababu hiyo kazi nilikufundisha mimi. Sikiliza, na baada yangu uwafundishe wengine. Neno linalokuja la kwanza si lako, limekwisha kupita vinywani mwa mtaa mzima, liache lipite, ngoja la pili, ngoja la tatu. Ukikwama usilipinde neno wala usilivunje mbavu liingie, rudi mstari wa juu ubadilishe kina chenyewe, hakuna aliyekufunga kamba. Usijaze nafasi na "hasa" na "kabisa" na "nakwambia," msikilizaji anajua chombo kitupu kikigongwa. Maana ndiye mwenye nyumba, kina ni mgeni, na mgeni hata akivaa vizuri namna gani hamtoi mwenye nyumba nje. Wewe ulimtoa. Ulimtoa dada yako nje ya nyumba yake kwa ajili ya silabi.

Umeinamisha kichwa. Vizuri, lakini kuinamisha kichwa si neno, na mimi nataka neno. Mzee wa bendi hatatoka hapa bila jibu langu, na jibu langu ni hili: wimbo ule naumiliki mimi, na ninaufanya mali ya binti yangu kuanzia sasa. Akisema usiimbwe, hauimbwi, si kwenye kaburi langu tu, popote, na wewe Bwana Vina utatafuta wimbo mwingine wa kukulisha. Akisema uimbwe, utaimbwa na mstari atakaoukubali yeye. Shahidi, umesikia? Haya.

Binti yangu, umerudi hatua moja nyuma. Nakusikia, ubao wa hapo unalia. Nipe muda huu tu. Kama nikimaliza bado unataka kwenda, utakwenda na radhi zangu zote na sitakudai hata siku ya kuzikwa kwangu. Hilo nalo nimelisema mbele ya shahidi.

Mwanangu, nusu ya pili ilikuwa yako, na bado ni yako. Itafute hapa, mbele yake. "Nyumba imekosa mwanga..." Dada yako ndiye atakayepima. Akitikisa kichwa, unatupa bila kubisha.

Umesema, "imepatwa na mkasa." Mizani imetimia, lakini hiyo ni taarifa ya polisi. Ametikisa kichwa. Tupa.

"Nakwambia kweli hasa." Mwanangu, nimetoka kusema nini sasa hivi? Tupa, usinichekeshe, mbavu zinauma.

"Mwenyewe amenitesa." Hilo lina damu kidogo. Dada yako? Hapana. Anasema hakuteswa, na nani amekuambia aliteswa. Umeona? Bado unamtungia. Tupa.

Tafuta. Nasikia unavyopitisha herufi kwa midomo, kama zamani. Tafuta, pumzi yangu haina subira ya kukungoja... Mdogo wangu, niinue kidogo, mto umeshuka. Hapo. Acha.

Umesema nini? Rudia kwa sauti.

Umesema huna.

Basi nimeishi kusikia hilo. Shahidi, Bwana Vina amesema hana neno. Mtu asimcheke, na wewe mwanangu usijionee haya, mimi mwenyewe nimekaa mara nyingi sina neno na sikufa, leo ninakufa kwa sababu nyingine. Nilidhani ningesikitika kulisikia kutoka kwako, na badala yake moyo umetulia, sijui kwa nini.

Ngoja. Unamgeukia wewe. Mimi sikukutuma.

"Dada, siku aliyoondoka mumeo, nyumba ilikuwaje?"

Hamjamsikia mtoto huyu akiuliza kitu. Anajibu tu, tangu azaliwe. Binti yangu, una haki ya kunyamaza. Huwajibiki kwake. Huwajibiki hata kwangu. Kama hutaki kusema, mzee wa bendi atarudi zake mikono mitupu na mambo yatakwisha hivyo. Hatukulazimishi.

Sema polepole, masikio yananiacha.

Ulirudi kutoka kazini... giza lilikuwa limeingia... ukabonyeza swichi, hakuna kitu. Alikuwa amebeba vitu vyake. Na balbu? Alifungua balbu? Mwanaume mzima alipanda juu ya kiti akafungua balbu akaondoka nayo! Ya sebuleni na ya chumbani. Mungu wangu, binti yangu, hilo hukuniambia. Hukumwambia mtu. Ukasimama gizani katika nyumba yako mwenyewe, ukaanza kupapasa ukutani, kwenye rafu, chini ya kitanda, unatafuta ile taa ya mafuta, na hukuweza kuipata, na hukutaka kumwita jirani ajue. Kwa hiyo siku ile dirishani ulikuwa husemi mafumbo. Nyumba ilikosa mwanga kwelikweli. Na hakuna hata mmoja wetu, na mimi nikiwamo, aliyeuliza.

Lia, mwanangu. Na wewe lia, usijifute kwa mashuka ya hospitali.

Lakini sikia alichokupa dada yako. Kapapasa. Amekuwekea mkononi. Halitokani na kupitisha herufi hilo, limetoka ukutani kwake. Lipime, ulilete kama yeye, yeye mwenyewe ndiye anayesema, si wewe juu yake. Lipime.

"Nyumba imekosa mwanga, taa ninaipapasa."

Rudia.

Macho yangu hayafiki tena mlangoni. Mdogo wangu, niambie, amefanya nini? Ametikisa kichwa? Niambie upesi.

Amekubali. Kasema, "Hilo ndilo." Basi, mstari ni wake na nusu ni yako, na atakayeuliza mwambieni hivyohivyo, msifiche hata kimoja.

Sasa amri zangu, zilizobaki ni chache na pumzi nayo... Mwiteni mzee wa bendi aingie ausikie, auweke kichwani. Mwambieni uimbwe hivi siku yangu, na siku zote. Watu wamezoea, watapiga kelele neno la zamani, watalipiga kwa nguvu kuliko mwanzo. Bendi inyamaze. Inyamaze kabisa, magitaa yashushwe, na wewe mwanangu ushuke jukwaani, mpaka waone haya. Wakirudia, mnyamaze tena. Kazi hiyo ni yako, usimwachie dada yako. Ulichokipanda kwa ukumbi mzima utaking'oa mbele ya ukumbi mzima, na hakitang'oka kwa siku moja.

Binti yangu, sikuambii umsamehe. Hilo halimo katika wosia, mtu hausii mali ya mwenzake. Nakuomba tu uje makaburini, na sasa umesema utakuja, nimekusikia, ama nimetaka kukusikia... Umesema. Vizuri.

Nawaombea... Mwenyezi Mungu awape ulimi mzito wakati wa hasira, na mwepesi wakati wa kuuliza. Awape chakula kisichowanyima usingizi. Asiwakutanishe kwenye msiba tu. Radhi zangu mnazo, nyote wawili, sawasawa, sikumkata mmoja nikamwongeza mwingine.

Maji... hapana, acha. Yanatosha.

Miaka yote hii mmesema na mimi tu, kila mmoja kwa siku yake, huyu akitoka ndipo yule aingie, nami nikawa nabeba maneno nayameza... Nimechoka kuyabeba. Sasa semezaneni. Lolote lile, hata la bei ya sabuni. Mimi nanyamaza. Nasikiliza.